Ukuta Haukumfuta Oswaldi

Mollo, Sumbawanga
14 Novemba 1951

Kwa mdogo wangu Agnesi, Wampembe.

Tumsifu Yesu Kristo, mdogo wangu. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako miwili, si umelala chali na ile homa yenu ya ziwani, maana ninyi watu wa chini huko mvua zikianza tu mnaugua. Kama unaumwa, kunywa dawa kwanza, barua isome baadaye. Mumeo hajambo? Na Kornel wako, na mkewe, na watoto? Wachuuzi wa samaki wameniambia Kornel amepata mtumbwi mpya. Vizuri. Mwambie basi na migebuka yake anayoileta huku juu aikaushe mpaka ikauke. Ile ya mwezi wa saba ilifika na wadudu, nikaila kwa kulinda jina la ukoo tu.

Sisi huku wazima. Mguu wangu wa kushoto asubuhi hauniitikii mpaka niukemee. Maharage tulivuna, ulezi tulivuna, pombe tulipika na ikanyweka. Mvua ya kwanza imeshuka juzi, na leo ilinipasa niwe shambani nikisambaza matuta ya mwaka jana nipande ulezi mpya, lakini nimekaa karibu na dirisha na penseli mkononi. Majirani wanapita wananichungulia. Waache wachungulie.

Herufi zangu unazijua. Nilizipata kwa katekista, za kusomea sala, si za kuandikia barua, ndiyo maana zimelala upande kama ulezi uliopigwa na upepo. Wajukuu walitaka kuniandikia, nikawafukuza. Hata mwalimu mkuu alijitolea, nikamkatalia kwa shukrani. Maneno haya hayapiti katika mkono wa mtu mwingine. Nawe usimpe Kornel akusomee. Soma mwenyewe, taratibu, tangu juu mpaka chini. Nakufahamu, tangu utotoni ulikuwa ukichovya kidole kwenye mboga kabla ugali haujapakuliwa. Safari hii usirukie mwisho.

Habari yenyewe ni hii. Mwanangu Oswaldi yuko kwenye ukuta wa shule. Jina lake limechongwa katika jiwe, na Bwana Shauri, yule mkuu wa boma, ametoka mjini na gari lake akalivulia kofia. Nimeliona kwa macho haya na nimelipapasa kwa mkono huu ninaoandikia. Miaka saba tangu afie Burma sikuwa na mahali pa kwenda kuweka hata ua, na sasa ninapo, tena pazuri, pananyeshewa kidogo tu. Lakini jina lile halikupanda pale lenyewe. Ilibidi lipandishwe, nami ndiye niliyelipandisha, na nusura nilipandishe kwa njia mbaya.

Ilianza mwezi wa nane, siku ya Jumapili, baada ya misa. Padri alitangaza kwamba shule itaweka jiwe la kumbukumbu kwa ajili ya vijana waliosoma hapa, wakaingia jeshi la keya katika vita vya Hitla, wasirudi. Akasema litafunuliwa tarehe kumi na moja ya mwezi wa kumi na moja, siku ambayo Wazungu huwakumbuka wafu wao wa vita. Kisha akasimama Mwalimu Zenon, huyu mwalimu mkuu wetu wa sasa, mwembamba kama ufito, akafungua karatasi ili asome majina. Mimi nilikuwa benchi la tatu upande wa wanawake. Ncha ya kanga nilikuwa nimeishika tayari, maana nilijua nitalia, na mtu anayejua atalia hujiandaa. Akasoma jina la kwanza, la pili, la tatu. Akasoma sita. Akakunja karatasi, akakaa.

Ncha ya kanga ikabaki mkononi mwangu, kavu.

Nje ya kanisa wanawake wakanipisha njia kana kwamba nimefiwa upya. Mmoja akanipa pole, nikamwuliza pole ya nini, nani amekufa. Akaona heri aende zake. Nikamfuata Mwalimu Zenon mpaka ofisini kwake, nikakaa kwenye kiti chake kabla hajanikaribisha. Akaniamkia shikamoo kwa adabu, siwezi kusema uongo. Nikaitika, halafu nikamwuliza mwanangu amempeleka wapi.

Hakubishana. Alifungua kabati akatoa daftari kubwa la majina ya wanafunzi, lile la tangu shule ilipoanza, akapekua mpaka mwaka 1934, akaweka kidole. Jina la Oswaldi lilikuwapo. Limepigwa mstari wa wino mwekundu, na pembeni yake kuna neno moja kwa mkono wa marehemu Mwalimu Modesti. Mtoro. Zenon akaniambia pole pole kwamba si yeye anayesema, ni daftari. Yeye na Padri walikubaliana kwamba jiwe lile watoto watalipita kila asubuhi wakiingia darasani, na wakiweka pale jina la mtoro watakuwa wamewafundisha nini. Akasema serikali inayo majina ya askari wake wote na Oswaldi hajasahauliwa huko, ila jiwe hili ni la shule, na shule ilimwondoa.

Nilimwambia kwamba yeye Zenon alikuwa bado anatembea bila suruali wakati Oswaldi anabeba udongo wa kujengea ofisi hiyo anayoifunga kwa ufunguo. Nilimwambia na mengine. Akasikiliza yote, akanisindikiza mpaka njiani. Vijana waliosoma wana ugonjwa huo: ukiwatukana wanakusindikiza.

Neno hilo, mtoro, wewe Agnesi unalijua. Lilikufikia hata huko chini. Nakuomba uvumilie, nitalifikia.

Kesho yake nilikwenda mjini kwa miguu kumtafuta Selemani, mtoto wa mzee Halfani mwenye duka na lori. Kabla ya vita Oswaldi alikuwa utingo katika lori lile, na yeye na Selemani waliandikishwa keya siku moja, wakaenda pamoja mpaka Burma. Selemani alirudi. Miaka yote hii nikienda kununua chumvi dukani kwao ananiita mama, anazidisha kipimo, nami nachukua chumvi yangu naondoka. Sikuwahi kumwuliza kitu. Nilikuwa naogopa jibu. Siku ile nikamwuliza.

Akafunga nusu ya mlango wa duka, akaniwekea kigoda, akanieleza. Akasema kule msituni mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha kama haina kazi nyingine. Akasema Oswaldi ndiye aliyekuwa msomaji na mwandishi wa kikosi chao. Barua za nyumbani zikija, wakubwa kwa wadogo walikwenda kupanga foleni kwake, Wanyamwezi, Wahehe, Wayao, naye alimsomea kila mtu faraghani, na hakupata kusikika hata siku moja akitoboa siri ya mtu. Sajini wao aliwahi kumwuliza elimu ile aliitoa wapi. Oswaldi akamjibu kwamba aliitoa shuleni kwao Mollo, shule yenye ukuta mwekundu, na kwamba ukuta ule aliujenga yeye. Wenzake wakamcheka, wakawa wanamwita Mwenye Shule. Na alikufa mtoni, akimvusha majeruhi machelani. Yule majeruhi alifika ng'ambo. Selemani aliniambia hayo akiwa anatazama mizani, hakunitazama mimi, nami nikatazama mizani.

Selemani alikuja mpaka Mollo na nishani zake kifuani kumtolea ushahidi mwenzake. Zenon alisimama kumsikiliza, kisha akampa mkono kwa heshima. Akasema hakuna anayetilia shaka alivyokufa. Kinachoulizwa ni kama alikuwa mtoto wa shule hii au alikuwa mpita njia. Selemani akanitazama, mimi nikatazama juu. Tulikuwa tumeshindwa.

Sasa sikiliza mambo ya Mungu. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi walimleta Adolfu mwashi aje kupachika jiwe katika ukuta wa darasa la zamani. Nikasikia kisimani kwamba analipachika limepinda. Nikaenda kumgombeza. Mtu akiniuliza linanihusu nini jiwe lisilo na jina la mwanangu, sijui la kumjibu, nilikuwa na hasira tu nikatafuta mahali pa kuitua. Nikamkuta Adolfu ameshabandua lipu na chokaa mahali pa ukubwa wa mlango, matofali yako wazi. Nikafungua kinywa nimtukane. Nikayaona yale matofali. Nikanyamaza. Agnesi, mimi, dada yako, nikanyamaza.

Unakumbuka shule ile ilivyojengwa? Wewe ulikuwa umekwisha kuolewa, labda hukuona. Watoto ndio waliofyatua matofali, kila siku baada ya masomo, na kila mmoja alikuwa na idadi yake. Ili Mwalimu Modesti ajue nani ametimiza na nani amekaa akirushia ndege mawe, kila mtoto alitia alama yake kwenye tofali likiwa bado bichi. Wengi walitia msalaba, wengine herufi, mmoja alikuwa akitia kisigino. Oswaldi wangu alitia alama ya baba yake. Ile ambayo Alois alikuwa akiipiga kwenye kila jembe alilofua, enzi alipokuwa bado anajenga tanuru na kuyeyusha chuma, kabla majembe ya dukani hayajamnyang'anya kazi. Mistari miwili iliyosimama, na wa tatu umepinda juu yake kama mgongo wa mtu anayelima.

Na pale ukutani ilikuwapo. Juu, chini, pembeni. Niliweka kidole katika mstari mmoja na kidole kikaingia, maana ni kidole cha mtoto kilichochora. Nikamwuliza Adolfu kama naye anaona. Akasema anaona, na akaniambia niketi kwenye ndoo kabla sijaanguka.

Adolfu alikuwa ameagizwa abandue pa kutosha jiwe tu. Lakini alinitazama, akautazama ukuta, akasema lipu hii yote imeoza, haifai kuachwa. Haikuwa imeoza. Aligonga mpaka adhuhuri. Mimi nilikwenda nyumbani nikachukua jembe la mwisho la Alois, lile lililolika mpaka likabaki kama kiganja ila alama bado ipo, nikarudi nalo nikaliegemeza kando ya tofali. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani wakatua mitungi yao, wakawa wananihesabia. Walipopita hamsini wakaanza kubishana nani amehesabu moja mara mbili, nikawaambia waache, hata lingekuwa moja.

Zenon alipofika tulidhani atafoka juu ya ukuta wake. Hakufoka. Alipiga magoti na suruali yake ya kaki, akatazama alama, akalitazama jembe, akapitisha kidole. Adolfu akaanza kupakia vyombo vyake kwa woga. Kisha akasema atamwita Padri, na wazazi wote waitwe Jumapili.

Jumapili ile darasa lilijaa mpaka madirishani. Padri alikaa mbele na daftari kubwa. Alisema ameuona ukuta, na hakuna ubishi tena kwamba Oswaldi alikuwa mtoto wa shule hii, tena mjenzi wake. Limebaki jambo moja, lile neno. Akasema naye hapendi kulishinda neno la marehemu mwalimu kwa nguvu, ila ametafuta katika karatasi za zamani akapata maandishi ya Modesti yanayoeleza utoro ule ulivyotokea. Imeandikwa kwamba mtoto hakuondoka kwa akili yake, bali alishawishiwa na mama yake mdogo wa Wampembe, akafichwa huko afanye kazi ya samaki. Sasa, akasema Padri, mtoto wa miaka kumi na minne aliyepotoshwa na mtu mzima hana kosa. Kosa ni la yule mtu mzima. Kwa hiyo mama wa Oswaldi, aliye hapa, akithibitisha tu kwamba ndivyo ilivyokuwa, jina litachongwa kesho asubuhi.

Akanigeukia. Kwa sauti nzuri kabisa akaniuliza kama ni kweli.

Wanawake wote walikuwa wakinitikisia vichwa niseme ndiyo. Selemani alikuwa mlangoni, amekwisha kutabasamu. Lilitakiwa neno moja dogo, na mwanangu angeingia katika jiwe, na wewe uko mbali chini ya milima, usingejua.

Hapa ndipo ulipotaka kuparukia, Agnesi. Sasa soma.

Si Modesti aliyekusingizia. Ni mimi.

Alois alikufa mwezi wa kwanza wa mwaka ule. Mwezi wa pili majani yakawa yamefika kiunoni, na unajua kwetu shamba halingoji: usipoyapindua majani yakiwa mabichi ukayafukia katika matuta, mwaka unaofuata huna ulezi, una njaa. Nilikuwa na watoto watatu wadogo na mikono miwili. Mikono mingine ilikuwa ya Oswaldi. Nikamtoa shule. Nikampeleka shamba la nyuma ya kilima, kwenye kibanda, alime asionekane. Mzazi aliyemzuia mtoto siku zile aliitwa barazani akasemwa mbele ya watu, na mimi mjane wa fundi Alois nisingekubali kusemwa na mtu. Modesti alipokuja kuuliza, nikamwambia mtoto ametoroka amekwenda kwako. Nilichagua Wampembe kwa sababu ni mbali, nilijua hatakwenda kuangalia.

Hakwenda. Aliandika. Na padri wa huko akakuita, ukakana, wakaona unakana kwa ukaidi. Ukafungiwa komunyo tangu Kwaresima mpaka Noeli kwa kumficha mtoto ambaye hukumwona hata kivuli. Ukapanda huku juu kwa miguu siku nne, ukalia mlangoni kwangu, ukaniuliza ni nani mwenye kinywa hicho. Nami nikakupikia, nikakupa maji ya kuoga, nikakuambia kwamba Modesti ana roho mbaya. Maskini Modesti. Alinisalimia vizuri mpaka anakufa. Wewe ukateremka ukiwa unanishukuru, na tangu siku ile mguu wako haukuingia tena katika kanisa la Mollo, na mimi nikawa nawaambia watu kwamba umejawa na maringo ya ziwani.

Siku ile Oswaldi alikuwa ameteremka kibandani kuchukua chakula, amejibanza nyuma ya nyumba, akikusikia unalia. Hakuniambia kitu kwa miaka sita. Siku alipokuja kuniaga, ameshavaa viatu vya keya, akaniuliza, "Mama, mama mdogo utamwambia lini?" Nikamjibu, "Ukirudi."

Kwa hiyo pale darasani, Padri anangoja neno langu, nilisimama. Mguu wa kushoto safari ile uliitika bila kukemewa. Nikasema, "Hapana, Padri. Agnesi hakumficha mtu. Oswaldi nilimficha mimi, nyuma ya kilima, apindue majani tupate kula. Nilimdanganya marehemu mwalimu, nikamtwika mdogo wangu mzigo, na mwanangu mkamwandika mtoro kwa ajili yangu. Kama jiwe lenu halimtaki mtoto wa mwongo, semeni sasa, mimi nimesimama hapa."

 Padri alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikajua nimemtoa mwanangu ukutani kwa kinywa changu mwenyewe. Nakwambia kweli, sikujuta. Nilikuwa nimechoka.

Ndipo Zenon akasimama. Hakunitazama mimi, aliwatazama wazazi. Akasema yeye ni mtoto wa Mfipa kama sisi, na mama yake alimzuia nyumbani misimu miwili ya matuta, ila mama yake alipata bahati, mwalimu wao aliumwa miezi ile asihesabu watu. Halafu akaomba kila mzazi ambaye hajawahi kumzuia mtoto wakati wa matuta ainue mkono. Watu wakatazama sakafu. Akangoja. Hakuna mkono. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema yeye alimwambia mwalimu mtoto wake anaumwa tambazi. Mwingine akasema yeye wake alimsingizia surua, tena mara mbili katika mwaka mmoja. Kicheko kikaanza kwa wanawake kikahamia kwa wanaume, na katekista mwenyewe, yule anayetuhubiria uongo kila Kwaresima, alikuwa anajaribu kutoka dirishani. Padri naye akacheka, lakini alifunika kwa mkono.

Kisha Zenon akasema jambo ambalo nitamwombea nalo mpaka nife. Akasema mtoto aliyetumwa na mama yake kazini akaenda, akalima, akalisha wadogo zake, hajatoroka mahali popote. Aliyetoroka ni yule aliyeacha kazi yake, na Oswaldi hakuacha yoyote, si shamba, si ukuta, si machela. Akamwomba Padri ruhusa. Padri akasukuma daftari mbele.

Zenon alichovya kalamu alikate lile neno. Nikamwambia angoje, nikamwuliza ataandika nini mahali pake. Akasema haina haja ya kuandika kitu. Nikamwambia haja ipo, mstari ukiwa mtupu watu watajaza wanavyotaka, mimi nawajua watu. Nikamsimamia pale pale akaandika ninavyosema: Hakuwa mtoro. Alizuiwa nyumbani na mama yake, Luciana, msimu wa matuta. Akanisomea, nikamrudisha asome tena. Basi sasa na jina langu limo katika daftari la shule, mimi ambaye sikukaa darasani hata siku moja. Wenye wivu wanasema nimeandikwa kwa aibu. Wao hawajaandikwa kwa chochote.

Adolfu alichonga kesho yake asubuhi. Majina sita yalikuwa yamekwisha kuchongwa, na nafasi iliyobaki ilikuwa chini. Alihofia nitaona mwanangu amewekwa mwisho kama mgeni. Nikamwambia chini ndipo mkono wangu unapofika.

Na Jumapili iliyopita, mdogo wangu, ungekuwepo. Bwana Shauri alikuja na kofia yake yenye manyoya. Walikuja waliorudi vitani, kutoka Muze, kutoka mjini, wengine wamevaa makoti ya keya yasiyofunga tena vifungo kwa matumbo. Selemani aliwapanga mstari kwa sauti ambayo sijui huificha wapi akiwa dukani. Tarumbeta likapigwa. Kitambaa kikaondolewa. Zenon akasoma majina, na kila jina waliorudi waliitikia kwa pamoja, "Yupo." Alipofika la saba, akainua sauti kidogo. Nilimsikia. Wakaitikia, "Yupo." Selemani akachelewa, akaitikia peke yake baada ya wote.

Tuliagizwa tunyamaze dakika mbili. Nilinyamaza zote, na katekista ni shahidi. Zilipokwisha nikapiga kigelegele ambacho sijakipiga tangu harusi yako, na wanawake wote wa Mollo wakakipokea, mpaka Bwana Shauri akasahau mkono wake kwenye kofia. Mama wa wale wengine sita walikuja kunishika, tukacheza mbele ya jiwe, na huu mguu wangu usioitikia ndio ulioongoza. Zenon ameagiza ule upande wa ukuta usipakwe lipu tena. Umebaki wazi, mwekundu, na alama zake zote. Watoto wameanza kutafuta alama za baba zao, na wengine wamegundua kwamba baba zao wanaojisifu walifyatua matofali matatu tu.

Padri amenipa kitubio changu, kirefu. Nimemwambia nitakitimiza, lakini naye ana cha kufanya. Nimekaa mlangoni kwake mpaka ameandika barua kwa padri wa Wampembe, ameitia muhuri mbele yangu, nayo imetumwa. Itasomwa kanisani kwenu Jumapili ya tarehe ishirini na tano, mbele ya wote waliokuona ukibaki umepiga magoti nyuma wenzako wakienda kupokea. Imetaja jina langu na kosa langu, na jina lako na haki yako. Siku hiyo usinikalie nyuma kwa mazoea yako. Kaa benchi la mbele, vaa kanga iliyopigwa pasi, na usilie mpaka imalizike kusomwa, usije ukakosa neno.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Barua ni kitu kidogo. Ukiwa na hasira, na ninajua utakuwa nayo maana hata mimi ninayo, njoo nayo. Kasirika, lakini kasirika huku unapanda milima kuja. Utanisema mlangoni kwangu mbele ya majirani, kwa sauti yoyote utakayo, nami nitanyamaza. Wamekwisha kuniona nikinyamaza mara moja, hawatashtuka. Ukimaliza nitakushika mkono nikupeleke shuleni, umsalimie mtoto.

Nisalimie mumeo, Kornel na mkewe, na watoto wote mmoja mmoja kwa majina, usiwaambie kwa jumla. Wajukuu zangu wanakusalimu. Selemani anakusalimu ingawa hakujui. Adolfu amesema ukija ataleta kibuyu cha pombe, naye si mtu wa kutoa. Penseli imekwisha na ulezi unanisubiri.

Mimi dada yako, niliyekukosea,
Luciana, mama yake Oswaldi wa shule ya Mollo.